Kiwanda Kisicho na Bomba la Moshi: Kibuyuni Baada ya Ramisi

Ni nadra msimu wa uchaguzi kupita katika Kaunti ya Kwale bila neno kiwanda kutajwa jukwaani. Kiwanda cha korosho, kiwanda cha nazi, kiwanda cha maembe, kiwanda cha samaki. Na tangu mwani uanze kuuzwa, kiwanda cha mwani. Wasikilizaji hupiga makofi, nao hawana kosa. Eneo ambalo kwa miaka mingi limeuza malighafi na kununua bidhaa lina kila sababu ya kutamani mashine zake lenyewe. Hata hivyo, swali linaloulizwa katika mikutano hiyo ni moja tu: kitajengwa lini? Swali la nani atakayemiliki ardhi, maji na zao litakalokilisha kiwanda hicho huachwa lijijibu lenyewe. Historia ya Pwani ya Kusini inaonyesha kwamba swali likiachwa hivyo hujibiwa na mwenye fedha.

Kibuyuni ni kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoko karibu na Shimoni na kisiwa cha Wasini. Mgeni akienda huko akitafuta kiwanda hatakiona. Hakuna bomba la moshi, hakuna king'ora cha kuwaamsha wafanyakazi, hakuna lango lenye askari. Lakini bahari ikipwa wakati wa bamvua, wanawake hushuka ufuoni na kamba, vigingi na magunia, na kazi inayoanza hapo ina nidhamu ya kiwanda chochote. Vigingi hupigwa mchangani kwa safu, kamba hutandazwa kati yake, na vichipukizi vya mwani hufungwa kimoja kimoja kwa vikamba vyembamba. Baada ya wiki sita hivi mwani huwa tayari kuvunwa. Huchukuliwa nchi kavu, ukaanikwa, ukasafishwa mchanga na magugu, ukatiwa maguniani ukisubiri mnunuzi.

Kalenda ya kazi hii ni mwezi wa angani. Bamvua huja mara mbili, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kila mara maji hutoa nafasi ya siku chache tu, saa chache kila siku. Katika maji mafu shamba hubaki limefunikwa. Mwanamke aliyeuguliwa na mtoto katika siku za bamvua amepoteza zamu nzima, wala hapana msimamizi wa kumwombea ruhusa. Mvua nayo ikinyesha juu ya mwani ulioanikwa huushusha thamani, na mwani wenyewe hunywea sana: kilo saba hadi kumi za mbichi hutoa kilo moja tu ya mkavu. Ndiyo maana ni kosa kuiita kazi hii kazi ya ziada ya akina mama, kama baadhi ya ripoti zinavyopenda kuiita. Ni uzalishaji mali kamili, tena ule wa hatua ya kwanza, ambao jasho lake ni jingi na malipo yake ni haba.

Kilimo hiki hakikuzaliwa Kibuyuni. Kilianza kwa biashara katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mnamo mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Nchini Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ilikifanyia majaribio kwa miaka kadhaa kabla ya vijiji vya Kwale kuanza kuuza mwani mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wanaoulima wengi ni wanawake, kama ilivyo Zanzibar. Kinachotafutwa ndani ya mwani ni karaginani, ute unaoshika maji na kuyafanya mazito. Ute huo hutiwa katika dawa ya meno, malai, soseji, maziwa ya pakiti na vipodozi. Yamkini mkulima wa Kibuyuni hununua dukani kitu chenye chembe za zao la aina ileile aliyouza mwenyewe. Kilo moja ya mwani wake mkavu imekuwa ikimletea makumi machache tu ya shilingi. Bei ya bomba moja la dawa ya meno msomaji anaijua.

Kabla ya kuulizwa ni kiwanda gani kinafaa Kibuyuni, yafaa kutazama kwanza mji ambao umekwisha kupata kiwanda. Mji huo hauko mbali. Ni Ramisi.

Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianzishwa mwaka 1927, miaka mitano tu baada ya kile cha Miwani karibu na Kisumu, na kwa muda mrefu viwili hivyo ndivyo vilivyobeba sekta ya sukari nchini. Kukilisha kiwanda kulihitaji mashamba makubwa ya miwa, na mashamba yalihitaji mikono. Mikono ikaletwa kutoka bara na kutoka ng'ambo ya mpaka. Miongoni mwa walioajiriwa katika mashamba ya miwa na ya mkonge ya Kwale wakati wa ukoloni walikuwa Wamakonde kutoka Msumbiji. Wakajenga, wakaoa na kuolewa, wakazaa, wakazika. Mji ulioota kandokando ya kiwanda ulikuwa wa lugha nyingi, nacho Kiswahili ndicho kilichokuwa uwanja wao wa kukutana. Hilo ni jambo ambalo wanaisimujamii wa vyuo vyetu wangelichunguza kwa faida badala ya kurudi kila mwaka katika mitaa ileile ya Nairobi.

Mwaka 1988 kiwanda kilifungwa. Mji ulioishi kwa king'ora ukanyamaza. Mshahara ulipokoma, duka la mkopo lilikoma, karo ya shule ikakoma, na vijana wakatafuta riziki katika hoteli za Diani, Mombasa, au baharini. Sababu za kuanguka kwa viwanda vya sukari ni nyingi, nao wachumi wamezichambua vya kutosha. Linalohusu hapa ni kwamba Ramisi haikuwa na sauti katika uamuzi wowote kati ya ule wa kufungua na ule wa kufunga. Yote mawili yaliamuliwa kwingine, na watu ambao si wakazi wake.

Wamakonde ndio walioonyesha kwa uchungu zaidi maana ya kuwa mtu wa kiwanda ambacho hakipo tena. Walikuwa wameitwa kama vibarua, si kama raia. Kazi ilipokwisha hawakuwa na kwao pa kurudi, wala hawakuwa na kitambulisho cha mahali walipokuwa. Bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, hakuna hati ya shamba, hakuna ajira rasmi, na mtoto anayefaulu masomo hugota mlangoni pa chuo. Mwezi Oktoba 2016 waliondoka Kwale wakielekea Nairobi kwa miguu kudai uraia. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa mwaka huo. Miaka 28 ilikuwa imepita tangu tanuri za Ramisi zizimwe. Kiwanda kilikuwa kimesahau waliokijenga, na dola ilikuwa karibu kusahau pia.

Ardhi nayo ilikuwa na kisa chake. Mashamba ya miwa yaliyoachwa hayakubaki matupu. Watu wa vijiji vya karibu waliyalima, wengine wakajenga humo, wengi wakiamini kwamba wanarejea katika ardhi ya babu zao iliyochukuliwa bila ridhaa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya ekari yalikodishwa kwa mwekezaji mpya, Kampuni ya Sukari ya Kimataifa ya Kwale, iliyojenga kiwanda kipya na kuanza kusaga miwa katikati ya miaka ya 2010. Kiwanda hicho kina mambo ya kusifiwa: umwagiliaji wa matone, umeme unaozalishwa kwa makapi ya miwa, na ajira ambazo hakuna mwenye busara atakayezidharau. Lakini pamoja nacho kulikuja migogoro ya ardhi iliyofika mahakamani, na familia zilizoondolewa mahali zilipokuwa zimezoea kupaita nyumbani. Kwa hiyo Ramisi imepata kiwanda mara mbili, na mara zote mbili mkazi wa kawaida ameingia kwa mlango wa kibarua au wa mlalamikaji. Mlango wa mwenye hisa haujafunguliwa.

Huenda ikadhaniwa kuwa haya ni masaibu ya Afrika, au ya Waswahili na uzembe wao, kama wasemavyo wasiopenda kusoma. Basi na utazamwe mji mmoja wa Marekani ambao watu wa pwani hii walikuwa na uhusiano nao pasipo kuujua. Katika karne ya kumi na tisa hapakuwa na kitambaa kilichovaliwa na kuuzwa Afrika Mashariki zaidi ya merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba Marekani ilifungua ubalozi mdogo Zanzibar mwaka 1837. Neno merikani limebaki katika kamusi zetu kama ushahidi. Kitovu cha ufumaji wa pamba katika jimbo hilo kilikuwa mji mdogo wa Lowell.

Lowell ulipangwa tangu mwanzo uwe mji wa viwanda. Ulipata hadhi ya mji mdogo mwaka 1826 na ya jiji mwaka 1836. Wafanyakazi wake wa kwanza wengi walikuwa wasichana kutoka mashambani, waliolala katika mabweni ya kampuni, wakaamka kwa kengele ya kampuni. Mwaka 1834 waligoma kwa sababu mishahara ilipunguzwa. Mwaka 1836 wakagoma tena kwa sababu gharama ya bweni ilipandishwa. Miaka michache baadaye wakaunda chama chao na kudai siku ya kazi ya saa kumi. Msomaji anayedhani kwamba mwanamke wa kiwandani ni kiumbe mnyonge asiyejua hesabu na awasome wasichana hao.

Hata hivyo, jambo la Lowell lenye mafunzo zaidi kwa Kibuyuni halimo katika migomo bali katika maji. Mitambo ilizungushwa kwa nguvu ya mto Merrimack iliyopitishwa kwenye mifereji. Mifereji hiyo ilikuwa na mwenyewe: kampuni iliyouza haki ya kutumia maji kwa viwanda vyote. Aliyefuma hakumiliki kitanda cha mfumi, na hata aliyemiliki kitanda cha mfumi alilipia maji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba ya Kusini mwa Marekani, merikani ilipungua Zanzibar na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi yake. Kisha katika miaka ya 1920 na iliyofuata viwanda vingi vya Lowell vilifungwa, kazi ikihamia majimbo ya kusini yenye vibarua wa bei ya chini. Jiji likakaa na ukosefu wa kazi kwa miongo kadhaa. Tangu mwaka 1978 sehemu ya viwanda hivyo imekuwa hifadhi ya taifa ya kihistoria, na watalii hulipa kusikia kelele za mitambo ambayo zamani watu walilipwa kuivumilia. Kilichowapata Ramisi kimewapata Wamarekani wenye maarifa yote ya mashine. Tofauti ni kwamba Lowell ilikuwa na shule, benki na vyama vya kuanzia upya. Ramisi ilikuwa na magofu.

Kwale yenyewe ina mfano wa tatu, ambao hauhitaji maneno mengi. Mgodi wa titani ulisafirisha shehena yake ya kwanza mapema mwaka 2014 kupitia Likoni na ukakoma kuchimba Desemba 2024. Mchanga ulichujwa Kwale; kazi ya kuugeuza kuwa rangi, chuma na vigae ilifanyika ng'ambo. Uhai wa mgodi huo ulikuwa muongo mmoja.

Sasa rudi Kibuyuni. Kuna wanaopendekeza kiwanda kikubwa cha kutoa karaginani hapo Kwale, na hoja yao si dhaifu. Thamani iko katika ute, si katika jani. Lakini kuutoa ute huo si kazi ya kukausha na kusaga tu. Mwani huchemshwa katika maji yenye magadi makali, huoshwa mara kadhaa, hukaushwa, kisha husagwa. Kazi hiyo inataka maji baridi kwa wingi katika eneo ambalo uhaba wake unajulikana, na inatoa maji machafu karibu na miamba ya matumbawe inayolisha wavuvi. Zaidi ya hayo, kiwanda cha namna hiyo kinahitaji malighafi bila kukatika. Kikikosa mwani wa Kibuyuni kitaununua Pemba au Indonesia. Kibuyuni ikikosa kiwanda hicho haitakuwa na mwingine wa kumuuzia. Huo ndio mkataba wa mnunuzi mmoja, na wakulima wa miwa wanaujua.

Pia aina ya mwani inayostahimili maji ya vina vifupi, ambayo wakulima huiita spinosamu, ina bei ya chini kuliko ile ya kotonii. Kotonii hufa haraka maji yanapopata joto. Zanzibar imeliona jambo hilo kwa miaka mingi, na mtafiti Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefanya kazi kubwa ya kutafuta njia za kuilima katika maji ya kina. Maji ya kina yanataka mashua na kujua kuogelea, na mara nyingi hivyo viwili vimewekwa mikononi mwa wanaume. Atakayezungumzia kiwanda bila kuzungumzia mashua za wanawake anaanza nyumba kwa paa.

Wanawake wa Kibuyuni tayari wameanza hatua nyingine. Hutengeneza sabuni, mafuta ya kujipaka na shampuu za mwani, na kuutia katika vyakula na vinywaji. Wapo wanaozicheka bidhaa hizi kuwa ni vitu vya kuonyesha wafadhili wanapozuru. Dhihaka hiyo ina chembe ya ukweli: kipande cha sabuni hutumia mwani kidogo mno, na hata kama kila hoteli ya Diani ingenunua sabuni ya Kibuyuni, sehemu kubwa ya mavuno ingebaki ghalani. Sabuni haiwezi kuwa jibu la zao zima. Lakini imefanya jambo ambalo Ramisi haikulifanya katika miaka 61 ya kiwanda cha kwanza: imewafundisha wazalishaji kupima, kuchanganya, kufungasha, kupanga bei na kubishana na mteja. Ujuzi huo unabaki kijijini hata mnunuzi akiondoka.

Hapa lugha yenyewe inasaidia kufikiri. Katika matumizi ya zamani, kiwanda hakikuwa jengo lenye mabomba. Kilikuwa uwanja, mahali alipofanyia kazi mhunzi, seremala au muunda jahazi, pengine chini ya mti, na mwenye kiwanda alikuwa ndiye fundi mwenyewe. Maana ya jengo la mwekezaji ilikuja baadaye ikaifunika ile ya kwanza. Kibuyuni inahitaji kiwanda kwa maana ile ya kwanza: vichanja vya kuanikia vya kutosha ili mwani usiguse mchanga, ghala lisilovuja, mashine ya kuoshea na ya kusagia inayomilikiwa na ushirika, mizani isiyo ya mnunuzi, na mtu wa hesabu anayelipwa na wanachama. Mwani uliosafishwa, ukapangwa kwa daraja na kusagwa huweza kuuzwa kwa zaidi ya mnunuzi mmoja, na unaweza kukaa ghalani ukisubiri bei. Hayo hayatamvutia mtu wa kukata utepe, na pengine hiyo ndiyo sababu hayajafanywa kwa kiasi kinachotosha.

Limebaki jambo zito kuliko mashine, nalo ni mahali. Ramisi ilianza kupotea siku ardhi ilipochukuliwa, si siku kiwanda kilipofungwa. Shamba la mwani liko kati ya maji kujaa na maji kupwa, na Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 62, inasema eneo hilo ni ardhi ya umma. Kwa upande mmoja hiyo ni kinga: hakuna mtu binafsi anayeweza kujitwalia ufuo kihalali. Kwa upande mwingine, mwanamke aliyepanda kamba zake mahali pamoja kwa zaidi ya miaka kumi hana karatasi hata moja ya kuonyesha. Serikali ikiamua kwamba mahali hapo panafaa zaidi kwa gati, hoteli au shamba la samaki la mwekezaji, atafidiwa kwa kipi? Vigingi? Kuna mradi wa bandari ya uvuvi Shimoni, na mipango ya kile kiitwacho uchumi wa buluu inaongezeka. Si lazima bandari iwe adui wa mwani. Lakini mipango ikichorwa Nairobi juu ya ramani ambayo mashamba ya mwani hayamo, mashamba hayo hayatakuwepo machoni pa mchoraji.

Ramani hiyo inaweza kuchorwa leo, na haihitaji mwekezaji. Kamati za usimamizi wa fuo, zilizoundwa kwa kanuni za mwaka 2007, zina orodha za wavuvi na mashua. Ziongeze orodha ya kamba za mwani, mwenye kila kamba, na mipaka yake. Serikali ya kaunti iiweke ramani hiyo katika mpango wake wa matumizi ya ardhi na maji, na Tume ya Taifa ya Ardhi ipewe nakala kabla ya ombi lolote la kukodisha ufuo kusikilizwa. Wanafunzi wa jiografia na wa sheria wanaotoka Kwale wangeweza kuifanya kazi hiyo katika likizo moja, wakiongozwa na wanawake wanaojua kila kigingi kilipo. Watahitaji kuanza siku za bamvua, kwa kuwa siku nyingine zote mashamba huwa chini ya maji.